AnkiDroid kwa mwanachuo wa Mwanza: kadi zinazodumu baada ya pepa

Hali hii inajulikana kwenye vyuo vya Malimbe, Bugando, Butimba na Nyegezi. Wiki ya UE, mitihani ya mwisho wa semista, watu wanakesha na madesa, pepa inapigwa vizuri, matokeo yanatoka na alama zinaridhisha. Semista inayofuata mhadhiri anagusa jambo lile lile na darasa zima linainamisha vichwa. Aliyehitimu uhasibu anaingia mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu, huku akianza upya na viwango vya uhasibu alivyovifaulu mwaka wa pili. Mwalimu anaitwa kwenye usaili wa kuandika wa Sekretarieti ya Ajira, na nadharia za ujifunzaji alizoziandikia kurasa nne chuoni zimebaki majina matupu.

AnkiDroid imetengenezwa kwa ajili ya tatizo hilo hasa. Ni toleo la simu za Android la Anki, programu ya kujipima kwa kadi za swali na jibu, iliyoanzishwa na Damien Elmes mwaka 2006. Ni ya bure, haina matangazo, na hufanya kazi bila intaneti. Kwa kukumbuka mambo ya chuo kwa miaka, hatujui chombo cha bure kinachoizidi. Lakini wengi huiacha ndani ya mwezi wa kwanza, na karibu kila mara chanzo ni kadi zilizoandikwa vibaya au mipangilio iliyoachwa kama ilivyokuja. Mambo hayo mawili ndiyo yatakayochukua nafasi kubwa hapa, kwa sababu ndiyo yanayoamua kama programu itakufaa au utaifuta.

Jina Anki ni neno la Kijapani lenye maana ya kukariri. Kwetu neno kukariri lina doa, na lina haki ya kuwa nalo, maana tumewaona wengi wanaoweza kutamka fasili neno kwa neno bila kujua inasema nini. Programu hii haiponyi ugonjwa huo. Ukiilisha sentensi usizozielewa itakusaidia kuzishika kwa miaka kumi, bado huzielewi.

Utaratibu wake ni rahisi. Kadi ina pande mbili. Unasoma swali, unajibu kichwani au kwa sauti, unageuza, kisha unajipa alama kwa kimoja cha vitufe vinne: Again, Hard, Good na Easy. Kutokana na jibu hilo programu inapanga siku ya kadi kurudi. Kadi unayoijua itarudi kesho, kisha baada ya siku chache, kisha wiki mbili, kisha mwezi na zaidi, na pengo linaendelea kutanuka hadi miaka. Ukiikosa, inarudishwa karibu na mwanzo.

Kwa nini hili lifanye kazi kuliko kurudia desa? Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe kwa silabi zisizo na maana, na mwaka 1885 akaonyesha kwamba kusahau huenda kasi mwanzoni, kisha hupunguza mwendo. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Marekani waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma. Kifungu kimoja kilisomwa mara mbili. Kingine kilisomwa mara moja, kisha wanafunzi wakaandika walichokumbuka bila kutazama. Baada ya dakika 5 kusoma mara mbili kulikuwa mbele, asilimia 81 kwa 75. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: kifungu walichojipima kilikumbukwa kwa asilimia 56, kile kilichosomwa mara mbili kwa 42. Kukesha kunaelezwa na takwimu hizo. Kusoma desa mara nne usiku wa kuamkia pepa kunalipa asubuhi ile ile, ndiyo maana hakuna anayeacha. Hasara inakuja baadaye, wakati hakuna anayeipima. AnkiDroid inakulazimisha kujipima, na inakulazimisha kufanya hivyo siku ambayo umekaribia kusahau.

Tuje kwenye kadi zenyewe.

Kadi mbaya ya kwanza ambayo kila mgeni huiandika ni ile inayoanza na "Eleza". Chukua mwanafunzi wa udaktari anayesoma kichocho, ugonjwa ambao wavuvi na watoto wa kandokando ya ziwa wanaujua miilini mwao. Anaandika "Eleza kichocho cha tumbo", na nyuma anabandika ukurasa mzima wa maelezo. Kadi hiyo haiwezi kujibiwa kwa sekunde kumi. Siku moja atakumbuka mambo sita kati ya kumi na mawili, na hatajua abonyeze Again au Good. Akibonyeza Good, yale sita yaliyosahaulika yataondoka yakiwa yamesahaulika. Akibonyeza Again, anarudia na yale anayoyajua tayari. Baada ya wiki mbili anaanza kuiogopa kadi hiyo, na anayeiogopa kadi hafungui programu.

Ukurasa ule ule ukivunjwa, unatoa kadi tano au sita nyepesi. Konokono anayebeba Schistosoma mansoni: Biomphalaria. Anayebeba S. haematobium: Bulinus. Yai la mansoni lina mwiba wapi: ubavuni. Yai la haematobium: nchani. Dozi ya kawaida ya praziquantel: miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito. Kisha kadi ya sababu, ambayo wengi huisahau ingawa ndiyo yenye thamani kubwa: kwa nini mgonjwa aliyemeza praziquantel anaweza kuhitaji kurudia dawa wiki kadhaa baadaye? Kwa sababu dawa haiwaui vizuri minyoo ambao bado hawajakomaa. Kadi hiyo moja inashikilia nyingine zote, kwa kuwa inaunganisha dawa na maisha ya mdudu.

Kadi mbaya ya pili ni ya ndiyo au hapana. Kwa mfano, kuhusu IAS 2, kiwango cha kimataifa cha uhasibu wa bidhaa ghalani: "Je, IAS 2 inaruhusu LIFO (kilichoingia mwisho hutoka kwanza)?" Anayebahatisha anapata nusu. Igeuze: "IAS 2 inaruhusu njia zipi mbili za kukokotoa gharama ya bidhaa zinazobadilishana?" Jibu: FIFO (kilichoingia kwanza hutoka kwanza) na wastani wenye uzito. Kwamba LIFO imekatazwa unaiandikia kadi yake, pamoja na sababu yake.

Ya tatu ni kadi mbili zinazogombana. Mwanafunzi wa uvuvi Nyegezi ataandika kadi ya sato na kadi ya ngege, na baada ya mwezi atakuwa anayabadilisha majina ya kisayansi kila zinapokuja, kwa sababu yote mawili yanaanza na Oreochromis. Kuzirudia hakutasaidia. Kinachosaidia ni kadi ya tatu inayouliza tofauti: yupi ni mwenyeji wa ziwa na yupi aliletwa? Ngege, O. esculentus, ni mwenyeji, sato, O. niloticus, aliletwa. Ukishaweka uzio kati yao, kadi zile mbili hutulia zenyewe. Ndivyo ilivyo pia kwa dawa zenye majina yanayofanana na kwa vifungu vya sheria vinavyofuatana.

Kwa mambo yanayokaa ndani ya sentensi, kuna kadi ya kujaza pengo, inayoitwa Cloze kwenye orodha ya aina za kadi. Unaandika sentensi fupi na kuficha neno moja. Ficha neno lenye uzito: ukificha "ni" au "na" utajibu kwa kuzoea umbo la sentensi tu. Kwa michoro, kama anatomia, ramani au sehemu za mashine, kuna Image Occlusion: unapiga picha mchoro, unafunika kila jina kwa kijisanduku, na kila kijisanduku kinakuwa kadi. Picha ikatwe pembeni na ipunguzwe ukubwa kabla ya kuingizwa, maana picha zilizotoka kamera moja kwa moja ndizo zinazojaza simu na kumaliza bando.

Kuna jambo la lugha ambalo miongozo ya nje haiwezi kulijua. Vyuo vyetu hufundisha kwa Kiingereza, na uelewa wa wengi wetu hukamilika kwa Kiswahili. Kadi iliyoandikwa kwa Kiingereza pekee huzaa mtu anayetambua umbo la sentensi bila kushika maana yake. Iliyoandikwa kwa Kiswahili pekee humwangusha kwenye pepa, kwa sababu istilahi hazimjii. Ushauri wetu: mbele, swali liwe kwa lugha litakayoulizwa, nyuma, jibu kwa lugha hiyo hiyo, na chini yake sentensi moja ya Kiswahili inayosema jambo lenyewe. Kwa mfano, chini ya fasili ya uchakavu wa mali kwenye uhasibu, andika "kugawa gharama ya mali kwa miaka itakayotumika, si kuweka akiba ya kununua nyingine". Sentensi hiyo inaziba kosa ambalo limewapeleka wengi kwenye sapu.

Mipangilio sasa. Bonyeza seti ya kadi kwa muda mrefu, ingia Deck options, shuka hadi FSRS, kanuni mpya ya kupanga siku za kadi kurudi, na uiwashe kama imezimwa. Kanuni ya zamani ya kupanga siku inatokana na kazi ya Piotr Woźniak wa Poland ya mwaka 1987. FSRS iliingia mwishoni mwa 2023, na husoma historia ya majibu yako mwenyewe. Kiwango cha kukumbuka huja kikiwa 0.90, yaani uzijue kadi 9 hivi kati ya 10 siku zinaporudi. Kiache hapo. Kukipandisha hadi 0.95 kunaonekana kama bidii, lakini mzigo wa kila siku unaweza kukaribia mara mbili kwa faida ndogo sana.

Kadi mpya huja zikiwa 20 kwa siku. Anza na 10. Watumiaji wazoefu hukadiria kwamba kila kadi mpya ya kila siku huvuta marudio 7 hadi 10 kwa siku mambo yakishatulia. Hivyo kadi mpya 10 ni marudio 70 hadi 100. Kwa sekunde 8 kila moja, ni kati ya dakika 9 na 14. Muda huo unaisha ndani ya daladala kutoka Nyegezi kwenda mjini, au kwenye kivuko cha Kamanga. Semista ya wiki 15 ina siku 105, ambazo ni kadi 1,050. Kwa masomo matano ni kadi 210 kwa kila somo. Uti wa mgongo wa somo unaenea humo. Mwanafunzi wa udaktari atahitaji zaidi, lakini naye aongeze taratibu, kadi tano tano, baada ya kuona mzigo wa wiki tatu za mwanzo.

Kikomo cha marudio kwa siku huja kikiwa 200, na huu ni mtego. Siku yenye marudio 260, kadi 60 zinafichwa bila taarifa. Kesho yake zinaongezeka. Kikomo kikijaa, kadi mpya nazo hazitokei, na mtu anadhani programu imeharibika. Weka 9999 ili uone mzigo wako wa kweli, kisha udhibiti kwa kupunguza kadi mpya.

Kuhusu vitufe, viwili vinatosha: Again ukisahau, Good ukikumbuka. Kosa linaloharibu kila kitu ni kubonyeza Hard wakati umesahau, kwa kujionea huruma. Kwa FSRS, Hard maana yake umekumbuka kwa shida. Ukiitumia kwa kadi ulizozisahau, programu inajifunza kwamba kumbukumbu yako ni imara kuliko ilivyo, na inatanua mapengo ya kadi zote, hata zile ulizozijibu kwa uaminifu.

Kadi ukiikosa mara 8 baada ya kuwa umeishaijua, programu huipa alama ya "leech", yaani ruba, na inaweza pia kuisimamisha kutegemea mipangilio. Usiiache ilivyo. Ruba karibu kila mara ni kadi ndefu, kadi inayogombana na jirani yake, au jambo ambalo hukulielewa tangu darasani. Ivunje, iandike upya, au ifute.

Mlundikano utakuja tu: wiki ya mazoezi kwa vitendo, msiba, malaria. Ukirudi ukakuta kadi 600, usifute seti na usianze upya. Weka kadi mpya kuwa 0, fanya marudio 100 hadi 150 kwa siku kwa vipande vya dakika kumi, na ndani ya wiki moja au mbili mlima umekwisha. Utakosa nyingi kuliko kawaida na hilo si tatizo. Kadi iliyosahaulika hurudi kichwani haraka kuliko ilivyoingia mara ya kwanza.

Andika kadi jioni ya siku ya kipindi, kadi 8 hadi 12 kwa kipindi cha saa mbili, ukiwa umefunga daftari na kulifungua kuhakiki. Anayeandika kadi 300 wiki ya UE hajatumia Anki. Amehamisha desa lake kwenye simu.

Seti zilizotengenezwa tayari tunazipendekeza kwa shingo upande. Zile kubwa za wanafunzi wa udaktari wa Marekani zina makumi ya maelfu ya kadi na zimejengwa juu ya mitihani yao ya leseni. Anatomia na fiziolojia zitakufaa. Kwenye tiba, fuata mwongozo wa matibabu wa Tanzania na uandike kadi zako. Kadi zinazoandikwa na programu za akili bandia zina kasoro nyingine: zinasomeka vizuri hata zikiwa na makosa, na kosa lililoingia kwenye kadi utalirudia kwa miaka ukilithibitisha kila mara. Kila moja ihakikiwe na kitabu kabla ya kuingia.

Mipaka ya programu iko wazi. Haikufundishi kushona jeraha, kufunga hesabu za mwaka wala kujenga hoja mbele ya hakimu. Kwa masomo ya kukokotoa, njia inayosaidia ni kutengeneza seti ya pembeni yenye kadi za aina hii: "Fanya swali la 3 la pepa ya mwaka jana bila kutazama". Weka kadi moja tu kwa siku, chukua kalamu na karatasi, jipe alama baada ya kumaliza. Mapengo ya programu yanafanya kazi hata hapo.

Baada ya semista, usifute seti. Weka kadi mpya kuwa 0 na uendelee na marudio. Mzigo hupungua wenyewe: wiki za mwanzo dakika chache, miezi sita baadaye kadi chache tu kwa siku. Harry Bahrick wa Marekani alichapisha mwaka 1984 utafiti kwa watu 733 waliojifunza Kihispania shuleni, wengine miaka 50 nyuma. Kusahau kuliendelea kwa miaka mitatu hadi sita ya mwanzo, na kilichobaki baada ya hapo kilitulia kwa miongo. Ukivusha kadi zako miaka hiyo ya hatari, umeshika sehemu kubwa.

Tahadhari za simu. Kwenye simu za Android za sasa, ukiiondoa programu, kadi zinaweza kufutika nayo. Simu ikiibwa stendi, nakala zilizomo ndani yake zimekwenda. Fungua akaunti ya bure ya AnkiWeb, tovuti inayotunza nakala ya kadi zako, na usawazishe angalau mara moja kwa wiki kwa kubonyeza alama ya mishale inayozunguka. Mara moja kwa mwezi toa nakala ya mkusanyiko wote, faili linaloishia na .colpkg, ulitume kwenye barua pepe yako. Ukisawazisha simu na kompyuta zikiwa na mabadiliko yanayopingana, programu inaweza kukuuliza uchague kupakia au kupakua. Ukichagua upande wenye kadi chache, zile nyingi zinafutwa. Soma mara mbili kabla ya kubonyeza.

Kwa iPhone, programu rasmi inaitwa AnkiMobile Flashcards na bei yake ni takribani dola 25 kwa mara moja, zaidi ya shilingi 60,000. Kwa boom, pesa ya kujikimu ya mwanachuo, ni nyingi. Mwenye iPhone anaweza kujibu kadi bila malipo kupitia kivinjari kwenye AnkiWeb, ila atahitaji bando kila siku. Ziko pia programu zenye majina yanayofanana zinazotoza ada. Angalia jina kamili kabla ya kulipa.

Asiye na simu janja hajaachwa. Sebastian Leitner alieleza mwaka 1972 njia ya boksi lenye vyumba. Chukua manila kutoka steshenari, kata kila kipande cha ukubwa wa A4 kiwe kadi nane, na ugawe boksi la viatu katika vyumba vitano: cha kila siku, cha siku 3, cha wiki, cha wiki 2 na cha mwezi. Kadi ukiijua inasonga chumba kimoja mbele, ukiikosa inarudi cha kwanza. Hadi kadi 400 hivi boksi linaenda sambamba na programu. Zaidi ya hapo, kupanga siku kwa mkono kunachosha na kadi huanza kupotea. Tumia kalamu ya wino usiopenya, maana kadi inayosomeka mgongoni hutoa jibu kabla hujafikiri.

Na anayekwenda likizo visiwani, Ukerewe au Ukara, asawazishe kabla ya kupanda meli. Kadi zote ziko ndani ya simu, marudio yataendelea bila mtandao kwa miezi mitatu, na atasawazisha tena akirudi mjini.